Meza ya Samaki Nyuma ya Ghala

Majuzi nilikwenda Karatina kumtafuta fundi wa kunitengenezea kabati. Nilimkuta kibandani mwake, nyuma ya soko, akipasua ubao mwekundu, na kabla sijamsalimia harufu ilikuwa imeshanifikia. Mwerezi. Kwetu tuliuita mutarakwa. Watu wengi huipenda harufu hiyo. Husema ni safi, tena hufukuza nondo wa nguo. Mimi nilirudi nyuma, nikashika nguzo ya kibanda cha jirani na kungoja moyo utulie.

"Mama, uko sawa?" fundi akaniuliza.

Nikamwambia niko sawa, ila kabati langu alifanye kwa mbao nyingine yoyote atakayopata. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayekataa sukari kwenye chai. Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Lakini ninyi wa rika langu, mliokua wakati bendera bado mpya na wazungu wanauza mashamba, labda mtaniwia radhi nikieleza hapa.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Naro Moru, upande wa juu, mahali ambapo ukungu hushuka kutoka mlimani mchana na kufuta kitu kimoja baada ya kingine: kwanza miti, halafu ua, halafu ng'ombe aliyefungwa hapo karibu, mpaka unabaki kusikia tu akitafuna. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Mama alifua na kusafisha kwa memsahib mmoja mzee wa Kizungu ambaye shamba lake lilipakana na mto. Sisi watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Wangui. Nilimtangulia kuzaliwa, lakini kwa kimo alikuwa amenifikia, na wageni hawakuacha kutuchanganya. Mtu akimwita Wanjiru, jina langu, aliitika yeye, kwa makusudi, halafu ananikonyezea jicho.

Wangui alikufa kwa surua. Tuliugua pamoja, tukanyolewa nywele pamoja, tukalazwa kitanda kimoja. Mimi nikapona, nikabaki na kikohozi.

Siku ile baba alileta mbao za mutarakwa kutoka kiwandani. Alichukua kamba ya katani, akaingia chumbani, akainyoosha kando ya Wangui kutoka kisigino mpaka utosini, na pale ilipoishia akafunga fundo. Kisha akatoka nayo nje, akailaza juu ya ubao. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuna aliyenifukuza kwa sababu hakuna aliyeniona. Mchana kutwa nilisikia msumeno, na jioni sanduku lilipoingizwa ndani nyumba nzima ilijaa ile harufu tamu. Sikujua kifo ni nini, ila nilijua kinanukia namna gani.

Tulimzika mwisho wa shamba, karibu na ua. Baba alikusanya vifaa vyake vyote, akavitia guniani, akalifunga mdomo na kulitundika juu kabisa darini kwenye ghala. Tangu hapo mbao alizigusa kazini tu. Mlango wa jikoni uling'oka bawaba moja, ukawa unaburuta chini kila ukifunguliwa, na baba akawa anaupita tu. Mama naye aliacha kuzungumza. Yaani alisema yale ya lazima: kula, oga, fungia kuku. Mengine yote yalikwenda na Wangui.

Cucu, mama yake baba, alikuja kutoka Wamagana kukaa nasi wakati ule wa matanga. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani, huku wanamenya viazi uani, "Hawa wawili walikuwa hawaachani hata kidogo. Mimi naogopa kwa huyu amebaki. Anaweza kuitwa."

"Ngai!" jirani akasema, na wote wawili wakageuka kunitazama. Waliponiona nawatazama, wakatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililonithibitishia.

Basi nikaanza kungoja kuitwa. Nikiwa nachota maji nilisimama kidogo nisikilize. Nikiwa shuleni, mwalimu akitaja jina langu ghafla, jasho lilinitoka mgongoni. Na kikohozi changu, ambacho watu wazima walikichukulia kama kikohozi, mimi nilikisikia kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani ya kifua.

Ndipo memsahib akauza shamba ili arudi kwao. Aliwaambia wafanyakazi wake kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni mama akirudi jioni na wanaume wawili nyuma yake, wamebeba kitu kirefu kilichofunikwa blanketi la kijivu. Walitembea polepole, hatua zao zikilingana, na mama aliwatangulia akisema, "Polepole. Polepole jamani, musiangushe." Nilikuwa nimewahi kuwaona wanaume wakitembea hivyo mara moja tu.

Baba alikuwa langoni. Alikiangalia kile kitu mpaka kikampita.

"Hiyo ndio umechagua?" akamuuliza mama. "Wenzako wamechukua viti, wamechukua sufuria, wewe umechagua hiyo?"

"Ndiyo."

"Na utaiweka wapi?"

"Nitaitengenezea mahali yake."

"Mimi sipigi hata msumari moja. Sikia vizuri."

"Sijakuomba," mama akasema, na wale wanaume wakakiingiza kile kitu ghalani.

Kesho yake mama alipokwenda mtoni niliingia ghalani peke yangu. Mlikuwa na giza la mahindi makavu na magunia. Kitu kilikuwa chini, kimeegemea ukuta. Niliinua pembe ya blanketi, nikaona kioo, na ndani ya kioo, katika kile kiza, nikamwona Wangui ananitazama.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho makubwa. Nyumbani kwetu kulikuwa na kipande kimoja tu cha kioo, cha baba cha kunyolea ndevu, nacho kilitundikwa juu nisikofikia. Uso niliozoea kuuona ni wake, sio wangu. Nilipopiga hatua nyuma, naye alirudi nyuma. Nilipofungua mdomo nimuulize yukoje, naye akafungua wake, lakini sauti haikutoka. Nilimfunika tena, nikalibana lile blanketi pembeni ili asione baridi, nikatoka.

Sikumwambia mtu. Wala sikushangaa kwamba mama alikuwa amemficha. Hata mimi ningemficha. Kilichonitisha ni kwamba mle ndani, kando yake, palikuwa na nafasi.

Siku hiyo hiyo mama alianza kujenga. Nyuma ya ghala kulikuwa na mbao zilizobaki, mutarakwa ule ule, ambazo baba aliziegemeza pale na hakuna aliyezigusa tena. Vifaa vya nyumbani vilikuwa darini guniani, hivyo mama aliazima msumeno kwa jirani, na nyundo yake ikawa kisigino cha shoka. Hakuwahi kukata ubao maishani mwake. Msumeno ulikwama, ukapinda, ukaruka na kumchana kidole. Alifunga kidole kwa kitambaa cha kichwa na kuendelea. Misumari ilijikunja kama funza. Wanawake waliopita njiani walisimama kwenye ua wakatazama, kisha wakaenda zao bila kusalimia, maana kuchonga mbao haikuwa kazi ya mwanamke, tena mwanamke aliye matangani. Na ile harufu ikarudi. Ilikuwa kwenye nguo zake, kwenye ugali, kwenye mto niliolalia.

Nilikuwa nikimchungulia kutoka pembe ya ghala aliponiona.

"Wanjiru, kuja hapa. Simama wima."

Nikasimama. Alikuwa na kamba ya katani. Alinikanyagisha ncha moja kwa kisigino, akaivuta juu: magoti, tumbo, kifua. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo. Alipofika machoni pangu akasimama, akabana kamba pale, akafunga fundo. Nilitaka kumkumbusha kwamba kichwa changu bado kinaendelea juu, lakini nikafikiri, kama amesahau, heri asahau.

"Ni ya nini, mama?"

"Utaona ikiisha," akasema, na akarudi kwenye mbao zake.

Baada ya siku kadhaa kulikuwa na fremu chini kwenye nyasi, imelala, yenye pembe nne. Ndefu kuliko upana wake, kama lile sanduku la baba. Nilingoja mama aende kukamua ng'ombe, nikaingia ndani ya fremu na kulala chali. Miguu haikutosha, ilinibidi nikunje magoti. Nilitazama mawingu hapo juu na furaha ikanijia ambayo siwezi kuieleza. Nimezidi! Jioni ile nilikula mpaka cucu akasema, "Haiya, huyu mtoto anapona."

Kesho yake mama alitoa fremu akaipeleka ghalani, nikamsikia akisonya. Alipotoka alisema peke yake, "Nimekata fupi." Akaanza kuing'oa yote, msumari kwa msumari, akachukua mbao nyingine ndefu zaidi.

Nilikohoa mchana wote. Sikuweza kuacha. Na aliporefusha na kumaliza, sikuhitaji kulala ndani tena ili nijue.

Mchana huo ukungu ulishuka mapema. Nilichukua kiazi kilichochemshwa, nikakificha chini ya sweta, nikapita nyuma ya ghala na kushuka shambani mpaka kwa Wangui. Udongo ulikuwa bado umeinuka, na majani machanga yameanza kuota juu yake. Nyuma yangu nyumba haikuonekana tena. Niliweka kiazi juu ya udongo, nikachuchumaa, nikazungumza naye kwa sauti ya chini kama tulivyozoea kitandani.

"Wangui, usiniite. Tafadhali. Mama amerefusha. Mwambie hainitoshi bado. Nitakuwa nakuja kukuona kwa ile kioo kila siku, nitakuletea chakula, lakini usiseme niingie."

Nyuma yangu, ndani ya ukungu, kitu kilikuwa kinapumua.

Sikugeuka. Shingo ilikataa. Kikanyamaza, kisha kikasema, "Wanjiru."

Haikuwa sauti niliyoijua. Ilikuwa nzito, imekwaruza, kama ya mtu ambaye hajazungumza kwa muda mrefu. Nikajua, ndiyo hii. Ndivyo mtu anavyoitwa. Niliuma midomo nisiitike, kwa kuwa niliamini kuitika ndiko kukubali. Kikaita tena, karibu zaidi. Halafu mkono ukanishika begani, nao ulinukia mutarakwa.

Nilipiga kelele ambayo walisema baadaye ilisikika mpaka barabarani.

Alikuwa mama. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi na kitambaani. Aliniona nikipita, akanifuata, akasimama pale ukunguni na kusikia kila neno. Alikaa chini kwenye udongo wenyewe, yeye ambaye tangu mazishi hakuwa amekanyaga mahali pale, akanivuta mapajani.

"Nani amekwambia utaitwa?"

"Cucu."

"Na nani yuko kwa kioo?"

"Wangui."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua aliinuka, akanishika mkono, na tukapanda shamba karibu mbio, ng'ombe na ua na ghala vikitokea mbele yetu kimoja kimoja. Alisukuma mlango wa ghala mpaka mwisho ili mwanga uingie. Akalivuta blanketi lote. Kilikuwa sanduku la kioo lenye pembe za chuma, tupu, na kwenye kioo walikuwa wamesimama watu wawili.

"Huyu ni nani?" mama akauliza, akigusa kioo.

"Ni wewe."

"Na huyu?"

Akachukua mkono wangu, akauinua, akaupunga. Yule mtoto wa kichwa kilichonyolewa akatupungia.

"Ni mimi," nikasema.

Mtu angefikiri nilifurahi. Hapo ndipo nilipolia, kilio ambacho sikulia siku ya mazishi, kwa sababu kama yule alikuwa mimi, basi Wangui hakuwa mle, wala hakuwa mahali popote nilipoweza kumwekea blanketi. Mama alilia pamoja nami. Kisha akanieleza, kwa sauti ile iliyokwaruza, na huo ukawa mwanzo wa yeye kuzungumza tena.

Kabla Wangui hajaanza shule, mimi nikiwa darasani, mama alikuwa akienda naye kazini. Kwa memsahib kulikuwa na samaki wadogo wekundu wanaoishi ndani ya nyumba, katika sanduku hilo. Wangui aliwahi kuniambia, nami nikamwita mwongo. Kumbe kweli. Mama akifua, yeye alisimama mbele ya samaki na hakusumbua mtu.

"Sikutaka viti," mama akasema. "Nilitaka kitu yenye alikuwa anapenda. Na kamba ilikuwa ya kupima macho yako, ili uwaone bila kuinua shingo. Ile natengeneza ni meza ya samaki tu, Wanjiru. Meza."

Tulipogeuka baba alikuwa mlangoni, na mfuko wake wa chakula cha kazini bado begani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Mtoto wako alifikiri namtengenezea jeneza," mama akamwambia.

Baba aliutua mfuko. Alivuta kigoda, akapanda, akalishusha lile gunia kutoka darini na kukata kamba yake kwa panga. Tukamfuata nyuma ya ghala. Mama alikuwa ameshaisimamisha fremu na kuipigilia miguu minne, isiyolingana hata miwili. Baba aliisukuma kwa mkono mmoja, ikayumba kama ndama aliyezaliwa asubuhi.

"Hii haiwezi kubeba maji," akasema. "Maji ni nzito kuliko vile unafikiri."

"Basi nionyeshe."

"Kwanza toboa. Mutarakwa ukipiga msumari hivi kwa ukingo inapasuka." Akampa keekee. Nilidhani ataichukua kazi yote, lakini hakuichukua. Alishikilia ubao, mama akatoboa na kupigilia. Alimwonyesha jinsi ya kusimamisha meza kwenye ardhi iliyo sawa na kupima miguu yote kwa kijiti kimoja kabla ya kukata, maana mama alikuwa akipunguza mguu huu, kisha ule, na kwa mtindo huo meza ingefika chini ya goti. Walipitisha mbao za mshazari kutoka kona hadi kona, nyuma na pembeni. Kazi hiyo iliwachukua jioni kadhaa, na katika jioni hizo niliwasikia wakigombana kuhusu misumari, wakicheka mara moja, wakigombana tena. Mlango wa jikoni nao ukapata bawaba.

Kuijaribu meza, baba aliitwika gunia la viazi juu, na gunia la pili juu ya la kwanza. Haikulia. Halafu akaninyanyua mimi, akanikalisha kileleni kabisa, akaitikisa. Nilikuwa juu ya mbao zile zile za mutarakwa, siyo ndani yake, na kutoka pale niliona shamba lote mpaka ua wa mwisho. Kikohozi changu kilikwisha mwezi ule. Sisemi kwamba ni kwa sababu hiyo. Nasema tu kilikwisha.

Samaki waliletwa kwa mkebe wa maziwa na mtunza bustani wa memsahib, aliyekuwa amebaki shambani chini ya mwenyewe mpya na kuwalisha muda wote huo. Cucu aliwachungulia mara moja. "Hawafungi macho?" akauliza. Alipoambiwa samaki hawafungi, hata wakilala, alifunga mizigo yake akarudi Wamagana kabla ya siku aliyopanga. "Kitu haifungi macho, mimi sikai nayo nyumba moja," akasema. Mama hakumbembeleza.

Tuliweka meza sebuleni, karibu na dirisha. Tulimwaga maji ya mto, ndoo baada ya ndoo, tukayaacha yatulie, na jioni, nje kukiwa bado na mwanga, mama aliinamisha mkebe. Wakatoka mmoja mmoja, wekundu kama makaa ya moto. Nilikuwa nimesimama mbele katikati, na macho yangu yalilingana nao hasa, bila kuinua shingo. Waliogelea huku na huku kwa muda, kama watu wanaoikagua nyumba ngeni.

Halafu wakakusanyika. Sio mbele yangu. Walikwenda wote kwenye kona ya kushoto, pale ambapo hapakuwa na mtu, wakaelekeza vichwa kwenye kioo, midomo ikifunguka na kufungika. Nilidhani wataondoka. Hawakuondoka. Nikabisha kioo mbele yangu kwa kidole. Hawakugeuka hata mmoja.

Baba alikohoa kidogo, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe.

"Hapo ndipo Wangui alikuwa anasimama," mama akasema.

Aliitazama ile kona muda mrefu, na uso wake haukuwa na huzuni wala hofu; ulikuwa uso wa mtu anayengoja wengine waingie ndani ili afunge mlango. Kisha, bila kunigeukia, akaniambia kwa upole, "Wanjiru, songa kidogo."

Nikasonga.